Mtungi Bila Daftari Huua Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo hutajwa zaidi madukani na maghalani, mahali ambapo magunia huhesabika na fedha hushikika kwa mkono. Lakini mimi naona kwamba unawahusu zaidi wale wanaoshughulika na kitu kisichoonekana kwa macho, kisicho na rangi wala harufu, na ambacho hata hivyo binadamu hawezi kuishi bila ya kuwa nacho kwa dakika chache tu. Kitu hicho ni hewa iliyoshindiliwa ndani ya mtungi wa chuma. Gunia likipotea litanunuliwa jingine. Pumzi ikipotea haina duka.

Mashariki ya nchi yetu ina mitungi mingi ya namna hiyo. Mjini Jinja, penye ziwa na chanzo cha Mto Naili, iko mitungi ya wapiga mbizi. Katika hospitali za rufaa za Jinja na Mbale iko mitungi ya oksijeni, ambayo wagonjwa wa Busoga na wa nchi ya Mlima Elgon huitegemea kila siku. Na kando ya barabara, kutoka Iganga mpaka Tirinyi mpaka Mbale, iko mitungi ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Yote ni ya chuma, yote ni mizito, na yote hupakiwa katika magari ya namna moja. Mtu akiitazama kwa nje hawezi kujua kilichomo ndani. Rangi hubambuka, na tena rangi za nchi moja si rangi za nchi nyingine: mtungi wa oksijeni ya hospitali waweza kuwa mweupe mahali hapa, mweusi wenye mabega meupe mahali pale, na wa kijani huko Marekani. Kwa hiyo ushahidi wa kweli ni wa namna mbili tu, yaani kipimo kilichochukuliwa na maandishi yaliyoandikwa papo hapo na aliyepima.

Nataka kueleza kwa nini maandishi hayo si kazi ya ukarani bali ni sehemu ya pumzi yenyewe, na ni nani mwenye wajibu wa kuyaandika.

Tuanze na wapiga mbizi. Jinja ni mji wa maji. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Likafuatwa na mitambo ya Kiira, na ile ya Bujagali mwaka 2012. Daraja jipya la Naili lilifunguliwa mwezi wa Oktoba, 2018. Mahali penye mabwawa, madaraja, mashua na wavuvi hapakosi kazi ya chini ya maji, na mara nyingi kazi hiyo ni ya huzuni. Tarehe 24 Novemba, 2018, mashua iitwayo MV K-Palm ilizama katika Ziwa Viktoria upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wapiga mbizi wa polisi na wa jeshi ndio walioshuka kuwatafuta ndugu zetu. Mwananchi aliyesimama ufukweni aliwaona wakiingia majini na wakitoka. Hakuona, wala hakuwa na haja ya kuona, mtungi uliojazwa kabla ya safari hiyo. Lakini maisha ya kila askari aliyeshuka yalitegemea mikono ya yule aliyeujaza.

Hewa ya kawaida tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni naitrojeni. Mpiga mbizi anaposhuka, shinikizo la maji huifanya naitrojeni iingie katika damu na nyama za mwili, na akipanda kwa haraka hutoka kama mapovu katika chupa ya soda. Kwa sababu hiyo wataalamu walibuni hewa iliyoongezwa oksijeni, ambayo wengine huiita naitroksi. Kwa kawaida ina oksijeni asilimia 32 au 36, na kwa kuwa naitrojeni yake ni kidogo, mpiga mbizi aweza kukaa chini kwa muda mrefu zaidi. Katika mwambao wetu, kuanzia Mombasa mpaka Zanzibar, hewa hiyo inajulikana vizuri na watu wa kazi hiyo.

Hata hivyo, kila dawa ina kipimo chake. Oksijeni inayovutwa kwa shinikizo kubwa hugeuka sumu. Jambo hilo lilielezwa na Mfaransa Paul Bert tangu mwaka 1878. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, aliwapima wapiga mbizi wengi, akaona jambo la kutisha: kiasi ambacho mtu mmoja alikivumilia kilimwangusha mwenzake, na hata mtu yule yule alikivumilia leo akaangushwa nacho kesho. Anayepatwa na sumu hiyo hukakamaa na kutukutika ghafla kama mwenye kifafa, na mara nyingi bila onyo lolote. Juu ya nchi kavu angeweza kupona. Chini ya maji kidude cha kupumulia humtoka kinywani, naye hufa maji. Ndiyo maana mchanganyiko wa asilimia 32 una mpaka wake baharini, nao ni mita 34 hivi, na ule wa asilimia 36 una mpaka wa mita 29 hivi.

Sasa natazamisha hesabu moja ndogo, kwa maana ndani yake mna kiini cha makala haya. Chukua mtungi unaojazwa mpaka atmosfia 200. Mjazaji ataka asilimia 32. Mtungi ukiwa mtupu, atatia kwanza oksijeni tupu ya atmosfia 28, kisha ataongeza hewa ya kawaida mpaka 200. Mtungi ukiwa na masalio ya hewa ya kawaida ya atmosfia 50, bado atatia oksijeni ile ile ya 28, na hesabu itatoka sawa. Lakini tuseme masalio hayo ya 50 si hewa ya kawaida, bali ni mchanganyiko wa asilimia 36 wa jana. Geji itamwonyesha 50 vile vile, kwa kuwa geji hupima shinikizo, haipimi kilichomo. Mjazaji atafanya kila kitu kwa uangalifu, na mtungi utatoka na karibu asilimia 36 huku kibandiko kikisema 32. Mpiga mbizi ataamini kwamba aweza kushuka mita 34, ilhali mpaka wake wa kweli ni mita 29. Hakuna aliyekusudia ubaya, wala hakuna aliyekuwa mlevi au mvivu. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu wa wino, ulioandikwa jana, wenye kusema: mtungi namba fulani, umejazwa asilimia 36.

Hapa Jinja pana jambo jingine la kuandikwa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kupanda na kushuka yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatumiki vivi hivi mahali palipozidi mita 300. Mpiga mbizi aliyefundishwa Mombasa akija Jinja na jedwali lake la Mombasa, amekuja na ramani ya nchi nyingine. Tena iko hatari ya kompresa yenyewe: ikiendeshwa kwa injini ya petroli, na bomba lake la kuvutia hewa likawekwa karibu na moshi wa injini hiyo, mtungi utajazwa sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Saa ya kujaza, mahali kompresa iliposimama, na jina la aliyeiendesha, yote hayo ni mambo ya daftari.

Kutokana na hatari hizo, wapiga mbizi wa dunia wamejiwekea desturi ambayo naiona kuwa ya busara kubwa. Mjazaji hupima mchanganyiko akaandika. Kisha mpiga mbizi atakayeutumia mtungi huo huupima mwenyewe, kwa mkono wake na mbele ya macho yake. Huandika juu ya kibandiko asilimia aliyoiona, mwisho wa kina anachoruhusiwa, tarehe na herufi za jina lake. Halafu hutia sahihi katika daftari la kituo. Sahihi ni mbili, ya aliyejaza na ya atakayevuta.

Juu ya sahihi hizo mbili watu hubishana. Wako wajazaji wanaosema kwamba mtumiaji akishatia sahihi, wao wamekwisha nawa mikono. Wako pia watumiaji wanaosema kwamba wao wamelipa fedha au wamepewa amri, na kwamba kupima ni kazi ya fundi. Wote wawili wamekosea. Sahihi ya pili haiifuti ya kwanza. Jeshini jambo hili ni la kila siku. Askari anapochukua bunduki ghalani, mlinzi wa ghala huandika namba ya bunduki, na askari huisoma namba hiyo, huifungua silaha, huitazama ndani, kisha hutia sahihi. Mlinzi hawezi kusema baadaye kwamba askari alipaswa kuona kutu. Askari naye hawezi kusema kwamba alimwamini mlinzi. Kila mmoja anajibu kwa sehemu yake, na wote wawili wanajibu mbele ya kamanda ambaye asipolisoma daftari anakuwa mkosaji wa tatu.

Sasa tutoke ziwani tuingie wodini, maana huko ndiko desturi hii inakohitajiwa zaidi. Mpiga mbizi ni mtu mzima mwenye afya na mafunzo, naye aweza kukataa mtungi. Mtoto wa Bududa au wa Mayuge aliyeletwa usiku na mama yake, kifua kikibana kwa nimonia, hawezi kupima, hawezi kukataa, hawezi kutia sahihi. Mama yake naye haijui mitungi. Ile sahihi ya pili, ambayo ziwani ni ya mvutaji mwenyewe, wodini haina mwenyewe. Hapana budi mtu aichukue kwa niaba ya mtoto huyo, naye ni muuguzi au daktari wa zamu. Kama hakuna aliyekabidhiwa jukumu hilo kwa jina, basi mtoto huyo anavuta hewa yenye sahihi moja, na pengine isiyo na sahihi yoyote.

Hospitali zetu za rufaa za mikoa, zikiwamo za Jinja na Mbale, zimewekewa mitambo ya kutengeneza oksijeni, na hilo ni jambo la kuipongeza serikali. Mitambo hiyo huvuta hewa hii hii tuliyo nayo, ikaipitisha katika chembechembe maalumu zinazoikamata naitrojeni, na kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, ambayo Shirika la Afya Duniani linaikubali ikiwa haishuki chini ya 90. Lakini chembechembe hizo zikiingiwa na unyevu huharibika, na umeme ukiyumba kazi yake huyumba. Mtambo uliochoka hautoi mlio wa kufa. Utaendelea kunguruma, na mtungi utaendelea kujaa mpaka geji ifike mwisho, ila kilichomo kitakuwa pungufu. Muuguzi ataona mtungi umejaa na mgonjwa hapati nafuu, naye atadhani ugonjwa umezidi. Ni kipimo cha kila siku tu, kikiandikwa safu kwa safu, kitakachoonyesha kwamba juzi ilikuwa 94, jana 92 na leo 89, na kwamba fundi aitwe kabla ya jua kuchwa.

Daftari hutuambia pia mtungi utakwisha lini. Mtungi mkubwa wa hospitali una lita 6,800 hivi. Mgonjwa anayepewa lita 5 kwa dakika ataumaliza kwa saa 22 na zaidi kidogo. Akipewa lita 10, kwa saa 11. Ikiwa saa ya kuanza na kiasi vimeandikwa, muuguzi wa zamu ya usiku anajua kwamba mtungi huu hautafika alfajiri, naye ataagiza mwingine mapema. Ikiwa havikuandikwa, atajua pale mgonjwa atakapoanza kuhema. Mwezi wa Juni, 2021, wakati wimbi la pili la Korona lilipotupiga, nchi nzima ilijifunza thamani ya hesabu hiyo.

Asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Desemba, 2000, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, nyumba moja ya kutunzia wazee ililetewa mitungi ya oksijeni, na kati yake ukaingia mtungi mmoja wa naitrojeni. Kiungio chake kilikataa kuingia katika mabomba ya oksijeni, kwa kuwa viungio hutengenezwa mbalimbali kusudi makosa yasitokee. Mfanyakazi akafungua kiungio cha mtungi wa oksijeni akakifunga kwenye ule wa naitrojeni, na ukaingia. Wazee wanne walikufa. Chuma chenyewe kilikuwa kimekataa, lakini hapakuwa na mtu aliyesimama akauliza, akasoma na kuandika kabla ya kulazimisha.

Na wale wanaoona kwamba kuandika ni kupoteza wakati, nawakumbusha kazi iliyofanyika Mbale. Kati ya mwaka 2009 na 2011, hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, ya Mbale ikiwamo, zilishiriki katika utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vyema. Madaktari duniani walikuwa wakiamini kwamba watoto kama hao wafaa kutiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Waliohudumia watoto hao waliandika kila kitu, usiku na mchana. Daftari lilipofungwa, lilionyesha kwamba kati ya waliotiwa maji ya haraka walikufa katika saa 48 kiasi cha watoto 10 na nusu kwa kila 100, na kati ya wasiotiwa, 7 na kidogo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011 na yakatikisa mafundisho ya tiba ulimwenguni. Macho ya mganga stadi hayakuweza kuiona tofauti hiyo, kwa kuwa kila kifo kilionekana peke yake. Kalamu ndiyo iliyoiona.

Ziko hoja ambazo husikika kila linapotajwa jambo hili. Wa kwanza husema, "Mimi nimejaza mitungi miaka 20, mkono wangu unajua." Huyo namjibu kwa maneno ya daktari Donald: mwili ule ule uliovumilia jana haukuahidi kuvumilia leo. Mazoea ya mjazaji hayabadili kilichomo mtungini. Wa pili husema, "Kulikuwa na dharura." Nami nauliza, je, vitani si dharura? Hata huko risasi hutolewa kwa hesabu, kwa sababu asiyejua alichokitoa hajui kilichobaki. Mstari mmoja wa daftari huandikwa kwa nusu dakika.

Wa tatu hasemi kwa sauti, lakini hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Anaogopa. Ameona kwamba daftari hufunguliwa siku ya msiba tu, na hufunguliwa kumtafuta wa kumfunga. Kwa hiyo haandiki, au huandika mwisho wa juma, safu nzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, asilimia ile ile kutoka juu hadi chini. Daftari la namna hiyo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, kwa maana linasema uongo kwa sauti ya ukweli. Lawama hapa si ya fundi peke yake. Wakubwa wakiligeuza daftari kuwa mtego, kalamu za wadogo zitakauka.

Basi napendekeza mambo manne, na yote hayahitaji fedha za kigeni. Kwanza, kila mahali panapojazwa mtungi wa kuvutwa na binadamu, uwe wa mpiga mbizi au wa mgonjwa, pawe na daftari lililoshonwa, lenye kurasa zenye namba, ili ukurasa ukichanwa ujulikane. Humo iandikwe namba ya mtungi, kilichokuwamo kabla, kilichotiwa, asilimia iliyopimwa, shinikizo, tarehe na saa, na jina la mjazaji.

Pili, mtungi usiondoke bila sahihi ya pili. Ziwani iwe ya atakayeuvuta, baada ya kuupima mwenyewe. Hospitalini iwe ya mtu anayetajwa katika orodha ya zamu, naye ajue kwamba anatia sahihi kwa niaba ya asiyeweza kusema. Mtungi usio na kibandiko, au wenye kibandiko kisichosomeka, urudishwe, hata kama aliyeuleta ni mkubwa mwenye nyota begani.

Tatu, kiongozi wa kituo alisome daftari kila juma na kutia sahihi chini ya mstari wa mwisho. Daftari lisilosomwa na mkubwa huchoka kuandikwa na mdogo.

Nne, anayeandika kosa lake siku lilipotokea asiadhibiwe kwa kuliandika. Aadhibiwe anayeficha, na anayeandika asichokipima. Pasipo sharti hilo la nne, yale matatu ya kwanza yatakuwa mapambo ya ukutani.

Ndugu wananchi, tumezoea kumsifu mpiga mbizi aliyetoka majini na mtoto mikononi, na daktari aliyeokoa maisha usiku wa manane. Sifa hizo ni za haki. Lakini nyuma yao yuko mtu mwingine, ambaye jina lake halitajwi redioni, amesimama katika kibanda chenye kelele za kompresa, na mikono yake haina budi kuwa safi bila tone la mafuta, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni iliyoshindiliwa huwaka moto. Mtu huyo apewe kipimo kizima, daftari zima na kalamu yenye wino. Kisha adaiwe ukweli, mtungi kwa mtungi.